Kaburi la Futi Sita

"Jeneza litapita kwa mlango huu kweli?" jirani aliniuliza juzi, tukiondoa meza sebuleni.

Leo mke wa marehemu mwanangu Musembi alifika Nyeri kutoka Finland, na mkoba mmoja tu. Akatoa kopo jeupe, jepesi kuliko kilo mbili za sukari, akaliweka juu ya Biblia yangu.

"Mwili uko wapi?"

"Ndio huu, mama. Kule kijijini tulikoishi, wafu wengi huchomwa. Nusu ya majivu nilimwaga ziwani, karibu na msitu. Alipenda hapo sana."

"Ati nusu? Ulimchoma kama takataka bila kuniuliza, mimi niliyemzaa? Wanaume wamechimba futi sita hapo nje!"

"Nisamehe, mama."

Nilitoa kopo juu ya Biblia, nikachukua sepetu mlangoni, nikatoka nalo kwenda kulizika mwenyewe.