Siku Arobaini Bila Pete

Pandu alipomvunja taya mkewe, Saumu, mahakama haikumpeleka jela. Alidungwa sindano ya siku arobaini, kama wapigaji wote wa mji ule. Sindano ilikizuia kile kimashine cha protini ambacho, ndani ya kila chembe ya mwili, huipanua pete, huivisha kwenye uzi wa DNA na kuibana, ili uzi unakiliwe bila kukwama. Bila pete, chembe mpya hazizaliwi na kidonda hakifungi.

Na kwa sheria hiyo hiyo, aliyepigwa ndiye humuuguza mpigaji.

Saumu akaficha visu, nyembe na mbuzi ya nazi. Meno yake hakuyafikiria.

Siku ya tisa chai ilipoa. Pandu, kwa mazoea tu, akamtandika ngumi ya mdomo. Mdomo ukapasuka, na ngumi ikachanika kwenye jino.

Baada ya wiki mdomo wa Saumu ulikuwa umepona. Mkono wa Pandu ulikuwa unanuka, mifupa ya vidole iko nje.

"Mama Riziki, nakufa!" Pandu akamlilia mkewe. "Niitie nesi anidunge sindano ya kunifungulia hii ya mahakama!"

Hodi ikapigwa mlangoni.

"Ni mimi, nesi. Majirani wamesikia mzee analia. Sindano ya kumfungulia ninayo."

Pandu akaachama apige ukelele. Saumu akamziba kinywa kwa kiganja, akakandamiza kwa uzito wake wote.

"Hajambo, kalala," akajibu, kwa sauti ile ile ya upole aliyowajibia majirani miaka yote kwamba ameteleza bafuni.