Matone ya Bibi Auleria

Mteja alipoondoka na ndoo yake, nilifunga koki. Bibi Auleria akasogeza bakuli lake la bluu chini ya bomba, akinge matone yaliyobaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Zamani matone hayo yalikuwaga ya yeyote. Tangu serikali iingie ubia na kampuni, ndoo imepanda kutoka shilingi hamsini hadi mia mbili, na sie wauzaji tumeambiwa hata tone lina mwenyewe. Asubuhi hiyo msimamizi wa kampuni alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bibi, toa bakuli," nikasema.

"Kiwanja cha kisima hiki nilikitoa mie, tena bure. Unajua."

Nilijua. Bunju nzima inajua. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, hakumwaga hata kidogo. Alikuwa ameyakinga matone hayo tangu alfajiri, na bakuli lilikuwa limefika nusu.

"Wageni wanakaribia," msimamizi alisema. "Lile jiwe la uzinduzi lina vumbi."

Nikamnyang'anya bibi bakuli. Nikalimwagia jiwe maji yote, nikalisugua kwa kanga yangu mpaka maandishi yakasomeka vizuri: *Kiwanja kwa hisani ya Bi. Auleria.*