Vidonge Chini ya Mto

Nilipoinua mto wa baba nibadilishe foronya, nilikuta maganda ya machungwa yaliyokauka. Ndani ya kila ganda kulikuwa na kidonge cha ini, kile kile nilichompa kwa mkono wangu.

"Baba, hukumeza?"

"Vya nini? Profesa ameshapata dawa ya hivyo virusi."

Profesa ni mdogo wangu, ndiye anayetuletea machungwa. Yuko maabara, anachunguza kama kilichomo kwenye maganda ya machungwa kinaweza kuzuia virusi vya ini. Amemwambia mzee mara chungu nzima kwamba ni majaribio ya kwenye vichupa tu, asiache vidonge. Mzee husikia analotaka. Mimi ninayemwogesha na kumfulia mashuka, ananiita akitaka beseni la kutapikia tu.

Simu ikalia. Alikuwa Profesa.

"Dada, baba anaendeleaje? Vidonge anameza?"

Ganda moja lilikuwa bado kiganjani mwangu, gumu kama ukucha. Baba alishanyoosha mkono apewe simu, uso umemchanua. Mwaka mzima sijachanuliwa uso ule.

Nikafumba kiganja.

"Anameza vyote," nikasema. "Tuletee machungwa mengine."