Kuku wa Mnada

Kanisa la wanyama halikuwa na paa, na Fisi, mwenyekiti wa harambee, alikuwa na njaa. Akatangaza kwamba mnadani atauzwa Kuku.

"Ni kazi ya Bwana, mama," akamwambia huku akimeza mate.

"Sawa, mzee mwenyekiti," Kuku akajibu. Tumbo lile alilijua.

Siku ya mnada Fisi akawashinda wote: akatoa mabati yote ya nyumba yake. Kabla hajamkamata, Kuku akaruka mezani.

"Jamani, desturi yetu ni kwamba mkubwa akinunua, analirudishia kanisa alichonunua kiwe zawadi. Mwenyekiti ananirudisha! Mpigieni vigelegele!"

Vigelegele vikarindima. Fisi akaitikia amina, mate yakimchuruzika.

Sasa mvua ikinyesha, Kuku anatagia kanisani, pakavu. Fisi yuko kwake, analowa.