Shingo ya Bwana Harusi

Nehemia aliingia kwa mkandaji kiubavuubavu kama kaa, kwa sababu shingo yake ilikuwa imegoma kutazama kule anakokwenda. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Kesho yake mchana alikuwa anaoa.

Kwa muda mrefu, pale ofisini Raskazone, alikuwa amejikunja mbele ya kompyuta ili amalize kazi apewe likizo ya harusi. Simu nayo ameibana kati ya sikio na bega la kulia, anagombana na watu wa maturubai, watu wa keki, na shangazi yake wa Lushoto aliyetaka kujua nani kachagua sare za zambarau. Juzi akaamka shingo imelala kulia na haitaki kurudi.

Sasa balaa lenyewe ni hili: kanisani bibi harusi husimama kushoto. Kulia husimama msimamizi, na msimamizi alikuwa Ayubu, jitu zima la masharubu.

"Nisikilize vizuri," Jenifa alimwambia kwenye simu. "Ukisema 'nakubali' huku unamtazama Ayubu, mimi naondoka na shela langu. Mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Unanijua."

Nehemia alimjua. Huyu binti alishamwacha mchumba wa kwanza kwa sababu tu alichelewa kwenye kipaimara cha mdogo wake. Hospitali walimpa Nehemia vidonge na kola ya kuvaa shingoni, na alipomtumia Jenifa picha ya kola hiyo juu ya suti, alijibiwa neno moja: "Thubutu!"

Mathew, wanayekaa naye meza jirani, ndiye aliyemwelekeza. "Nenda Mabawa, nyumba ya geti la kijani nyuma ya msikiti. Kuna Mpemba anakanda, usiombe! Jina limenitoka, lakini wanaume wote wa ofisi hii tumepita mikononi mwake."

Ndani palikuwa na mkeka, mto, na chupa za mafuta ya karafuu. Mzee mmoja alikuwa peke yake kwenye kigoda, anajisugua kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Shingo hiyo yako au umeiazima?"

Ile lafudhi ya Pemba ilimtosha Nehemia. Akamwaga shida yake yote, ya Jenifa, ya shela, ya masharubu ya Ayubu, kisha akapiga magoti palepale kwenye mkeka.

"Nimesikia sifa zako mpaka ofisini. Nishike hii shingo, nakuomba. Usinirudishe hivi."

"Mie?" Mzee alitazama mlangoni.

"Wewe, mzee wangu. Kwani kuna mwingine?"

Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya bwana. Mambo ya harusi mie sijapata kuyakataa. Harusi ngapi za mji huu zingesimama bila mkono wangu!"

"Na shingo unazielewa?"

"Shingo? Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yangu tangu sijaota ndevu. Na hajapata kurudi hata mmoja kulalamika."

Hapo moyo wa Nehemia ukatulia tuli. Mzee akamlaza ubavu wa kushoto, akatazama dirishani kama anayetafuta upande, akamsogeza miguu, akamgeuza uso, akamgeuza tena mpaka akaridhika. Huu ndio utaalamu, Nehemia alijiambia. Yule wa hospitali hata hakumgusa. Kiganja kizito kikapita taratibu chini ya kidevu chake, vidole vinapapasa koo.

"Una shingo nzuri," mzee alisema. "Fupi, lakini nzuri. Usirushe miguu tu."

"Kwani watu hurusha miguu?"

"Eeh! Wengine mpaka niite wanaume wanne wawakalie."

Nehemia akafumba macho, akaomba kimoyomoyo Mungu amwonee huruma. Mzee akakivuta kidevu nyuma, akasema "Bismillahi," na shingo ikalia ko! Ukelele alioupiga Nehemia uliwatimua kuku wote wa uani.

Akaketi. Akaigeuza shingo kushoto, ikaenda. Akaigeuza kulia, akairudisha kushoto, na machozi yakamtoka waziwazi. Alimpigia Jenifa simu ya video hapohapo.

"Umeona? Kushoto! Kesho nakutazama wewe tu mpaka uchoke mwenyewe!"

Jenifa akapiga vigelegele, na mama yake aliyekuwa nyuma akavidaka. Nehemia alikuwa na furaha isiyo kifani. Alimkumbatia mzee wa watu, akamwambia kesho lazima aje harusini Chumbageni, akae meza ya mbele pamoja na wazee.

Mzee alikuwa anaigeuzageuza mikono yake na kuitazama kwa mshangao. "Allah," alinong'ona, "kumbe mtu huinuka!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mfupi wa kofia, taulo begani, ananukia karafuu kabla hata hajavua viatu.

"Jamani mniwie radhi, nilikuwa naswali. Kijana, subiri kidogo hapo pembeni, nianze na aliyetangulia. Mzee Hamad, lala nikukande huo mkono wa kisu, la sivyo kesho huyo ng'ombe wa harusi ya Chumbageni utamchinja vipi?"