Chuma cha Mlango wa Jikoni

Siku ya mapumziko, Faki aliwapeleka mkewe na binti yake makumbusho ya mji, mtoto aione historia kwa macho yake. Mama aliyewatembeza akawaonyesha pingu ya chuma waliyofungwa watumwa miguuni.

"Baba, si kama ile tunayozuilia mlango wa jikoni?" akauliza Riziki. "Ile aliyoiacha babu?"

Faki akakikazia macho kile chuma.

"Ila yetu ndogo," mtoto akaendelea.

"Ndogo kiasi gani, mwanangu?" yule mama akauliza taratibu.

Riziki akainama, akazungushia vidole kifundo cha mguu wake. "Hivi. Mimi huivaa nikicheza. Inanitosha kabisa."

Mama yake akaziba mdomo. Faki akapiga magoti, akaukamata mguu ule kwa mikono yote miwili.

"Baba," Riziki akasema, "unanibana."