Mwalimu Apimwa Angani

Ndege ilikuwa imeshaacha ardhi, na mzee Kasimiri alikuwa amechoka tayari. Sheria za Ulaya zilikuwa zimebadilika tena; leseni yake ya zamani ya urubani isingebadilishwa kuwa mpya mpaka apimwe angani. Mkaguzi alikuwa Leokadia, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye Kasimiri mwenyewe alimfundisha kurusha ndege.

Leokadia akapunguza nguvu ya injini ghafla, kumjaribu. Kasimiri akaachia usukani, akakunja mikono, akangoja mwanafunzi ajiokoe, kama alivyozoea miaka yote.

"Mwalimu! Rubani leo ni wewe!"

Miti ikakaribia. Leokadia akashika usukani.

"Nikishika mimi, umefeli."

"Najua, mama. Umeshika vizuri."

Leokadia alikagua marubani mpaka alipostaafu. Mwalimu hakuruka tena; ndege yake iliuzwa. Kasimiri alihamia kwa bintiye, ghorofa ya chini.